Vitu Tulivyoacha Nyumbani

Hapana kijiji kisichokuwa na nyumba ya namna hii. Waipita ukienda kuchota maji, waipita tena ukirudi mnadani. Mlango umefungwa kwa kufuli lenye kutu, majani yamepanda mpaka dirishani, na bati moja la pembeni lagonga kila upepo unapovuma. Watoto husema ina mashetani. Wakubwa husema, "Ile ni ya marehemu fulani," kisha hugeuza mazungumzo. Leo nataka tusiipite. Tuingie pamoja tuone yaliyomo, maana mimi mwenyewe nimeingia katika moja, huku huku Dirma, na tangu siku hiyo sijaacha kuifikiri.

Nyumba hiyo ni ya baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa katekista. Alifariki mwaka 2014. Baada ya matanga mwanawe wa kwanza alimchukua mama mkubwa akakae naye Arusha apate kutibiwa macho. Mwanawe wa pili alikuwa amekwisha kuhamia Babati kwa biashara ya vitunguu. Mama mkubwa alidhani aenda kwa mwezi mmoja tu. Alifagia, akafunga mlango, ufunguo akaufunga katika pindo la kanga. Mwezi ule ukawa miaka 11.

Mwezi wa Agosti 2025 ndugu zangu hao wawili walikuja. Mnunuzi amepatikana, ataka kiwanja. Bati na milango watauza mbali. Kwa kuwa mimi ni karani wa parokia na kalamu haitoki mfukoni mwangu, wakaniomba niandike orodha ya vitu vilivyomo ndani ili wagawane bila kugombana. Nikadhani ni kazi ya saa moja.

Kabla hatujaingia, msomaji, nisikilize kidogo, maana watu huumia katika nyumba za namna hii. Usiingie peke yako. Fungua mlango na madirisha yote, kisha kaa nje, hewa ipite kwanza. Jifunge kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu popo wakikaa darini miaka mingi vumbi la kinyesi chao laweza kudhuru mapafu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Tazama juu kabla ya kutazama chini: boriti iliyoliwa na mchwa yaonekana nzima mpaka uiguse. Shika fimbo, wala usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika. Sisi tulimwona nyoka mmoja tu, naye alituogopa kuliko tulivyomwogopa, lakini kaka yangu wa Babati hakuingia tena mpaka saa nane.

Basi, tukaingia. Nilitazamia kuona fujo, na fujo haikuwako. Jambo hilo ndilo lililonishika. Kikombe cha bati kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa sahani. Kalenda ukutani ilikuwa ya mwaka 2014. Kofia yake ilikuwa kwenye msumari, na chini ya msumari viatu vyake vya raba, kimoja ubavuni mwa mwenzake, kama kwamba mwenyewe ametoka kwenda kuoga. Pasi ya mkaa ilikuwa bado na majivu. Kibuyu cha maziwa kilining'inia mahali pake. Nilikifungua nikakinusa, na harufu ya moshi wa kufukizia ilikuwa haijatoka yote. Redio ilikuwa imeharibiwa na betri zilizovuja. Picha ya Moyo Mtakatifu ilikuwa imepasuka kioo, na rozari ilikuwa kwenye mguu wa kitanda. Nguo zilizokuwa katika sanduku la mbao zilikuwa zimekwisha. Mchwa walizila pamoja na sanduku lenyewe, wakabakiza vifungo.

Ndugu yangu wa Arusha, mtu mzima mwenye wajukuu, aliichukua ile kofia akasimama nayo muda mrefu. Kisha akairudisha kwenye msumari. "Hii usiiandike," akaniambia. Sikuiandika.

Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati, la namna ile tuliyokwenda nayo shule ya bweni. Mchwa hawakuliweza. Ndani yake palikuwa na karatasi zilizofungwa kwa uzi, kila aina na fungu lake: stakabadhi za kodi za miaka ya 1960, kadi ya TANU, cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo vya watoto, kadi za kliniki, barua. Nakuambia kweli, msomaji, mimi nafanya kazi ya karatasi kila siku, wala sikupata kuona ofisi iliyotunzwa vizuri kama sanduku lile. Kaka wa Babati alitaka tuzichome karatasi tubaki na sanduku. Akasema panya watazifuata. Nikamwomba anipe siku tatu.

Chini kabisa palikuwa na daftari ya shule, ya zile zilizopigwa chapa jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka: "Vitu tulivyoacha nyumbani, Septemba 1974."

Tulikaa kizingitini tukasoma. Mawe mawili ya kusagia, moja kubwa na moja dogo. Mizinga minne, miwili ina nyuki. Mahindi, nusu ya ghala. Mbao za mlango ambazo hazikupata nafasi katika lori. Kuku watatu walioruka wasikamatike. Mwamba wa kuanikia ulezi (sijui kwa nini aliuandika mwamba, nani angeuchukua?). Zizi. Mti wa kivuli alioupanda babu. Na mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja tu: "Mtoto."

Ndugu zangu wakatazamana. Wao hawakujua habari ya mtoto. Mimi pia sikujua.

Hapa yanipasa nisimame kwa ajili ya wasomaji vijana, maana nimewauliza vijana wa kwaya yetu habari za mwaka ule, na wengi hawajui kwamba mahali wanapokaa sipo walipokaa babu zao. Zamani, katika nchi hii ya Mbulu na Hanang, kila familia ilikaa mbali na jirani, juu ya kitongoji chake, na shamba na malisho yake pande zote. Wairaqw walijenga tembe, nyumba yenye paa la udongo, na nyingi za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima hata paa likalingana na mteremko, ili maadui waliokuja kuteka ng'ombe wapite wasizione. Wabarabaig nao walikuwa na maboma yao, wakihama na mifugo kwa majira. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 watu walihimizwa kwenda katika vijiji vya ujamaa kwa hiari. Wengi hawakwenda. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kukaa vijijini sasa ni amri, na ya kuwa kufika mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe ndani ya kijiji. Ndiyo Operesheni Vijiji. Kufika mwaka 1977 Serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji.

Mema yalikuwamo. Shule nyingi tulizosomea, zahanati na mabomba, vilifika kwa kuwa watu walikuwa mahali pamoja. Mimi ni mtoto wa shule ya namna hiyo, na nikitoka hapo nikaenda chuo cha ualimu. Lakini haraka ilikuwa kubwa. Katika sehemu nyingi za nchi lori lilifika, na kilichoingia ndicho kilichokwenda. Pengine mapaa yalibomolewa, pengine nyumba zilichomwa moto, watu wasirudi. Vijiji vilihesabiwa na watu walihesabiwa. Vilivyoachwa nyumbani havikuhesabiwa na mtu, isipokuwa mmoja mmoja kama yule katekista na daftari yake.

Mengine yalifika mahakamani. Kule Kambi ya Simba, Mbulumbulu, ambako siku hizi ni Wilaya ya Karatu, mzee mmoja aitwaye Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walidai ardhi yao waliyoipoteza wakati wa Operesheni, na mwaka 1987 wakafungua shauri, wakapata hukumu ya kuwarudishia. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vya namna hiyo pamoja na mashauri yake. Baba na mwana hawakunyamaza. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali kama mali nyingine, yalindwa na Katiba, wala mtu hanyang'anywi bila fidia ya haki. Wakulima wawili wa huku kwetu! Mwanasheria yeyote wa nchi hii analijua jina la mzee yule, na sisi majirani zake twalisahau.

Wengine hawakubahatika. Katika uwanda wa Basotu, kwa msaada wa Kanada, shirika la Serikali la NAFCO lilifungua mashamba makubwa saba ya ngano, kila moja kama ekari 10,000. Wabarabaig walipoteza malisho, na matrekta yakapita juu ya maboma na juu ya makaburi ya wazee wao, yale ya bung'eda, ambayo kwao ni mahali patakatifu. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua shauri, wakashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo nikisema "nyumba iliyoachwa", jirani yangu Mbarabaig ana maana yake, nami nina yangu.

Msije mkanielewa vibaya mkaenda na daftari za babu zenu kuwatoa watu mashambani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imethibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa katika Operesheni tangu mwaka 1970 hata 1977. Aliyegawiwa wakati ule, ni lake. Nayo nyumba ya marehemu haigawanywi kwa maneno ya kizingitini: ukoo hukaa kikao, muhtasari huandikwa, mahakama ya mwanzo humteua msimamizi wa mirathi, ndipo vitu hugawanywa. Haya niliwaambia ndugu zangu wakanuna, kwa sababu mnunuzi alikuwa amekwisha kulipa kishika uchumba, na kaka wa Babati alikuwa amekwisha kukitumia.

Turudi kwa mtoto. Katika daftari hapakuwa na jina. Lakini baba mkubwa alikuwa katekista, nami nikajua kwamba mtu wa namna ile hawezi kuacha mtoto afe bila ubatizo. Kila parokia ina vitabu vyake: cha ubatizo, cha ndoa, cha wafu. Vitabu hivyo havihami watu wanapohama. Mtu akibatizwa mahali, jina lake hukaa mahali hapo hata akienda kufia Ulaya, na akipata Kipaimara au ndoa kwingine, habari hurudishwa ikaandikwa pembeni mwa jina lake. Ndiyo sababu nawasumbua mno mnapokuja ofisini kuomba cheti: "Ulibatizwa wapi? Mwaka gani? Msimamizi wako nani?" Mwanicheka, lakini tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh na Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafa, na waliopona wengi walitoka na nguo za mwilini tu. Vyeti, hati na picha vilikwenda na tope. Aliyebatizwa bado ana jina lake kitabuni, na kwa cheti cha ubatizo ataweza kuanza kutafuta karatasi nyingine, hata cheti cha kuzaliwa.

Basi nikapanda pikipiki mpaka parokia ya zamani iliyokuwa ikihudumia mahali pao pa kale. Karani mwenzangu wa kule akanifungulia kabati. Vitabu vya miaka ile vimeandikwa kwa wino wa buluu, na maneno mengine ni ya Kilatini. Nilianza mwaka 1970 nikaja mbele. Saa ya tatu nikamwona: mtoto wa kike, amezaliwa 1973, amebatizwa siku ya nne. Jina la baba ndilo lile, na jina la mama ndilo lile. Katika kitabu cha wafu, Machi 1974, nikamwona tena. Ugonjwa: surua. Mahali alipozikwa: nyumbani kwao.

Jina lake sitaliandika hapa. Ni la mama yake kulitaja.

Nilimpigia simu mama mkubwa jioni ile. Nikamsalimu, "Shikamoo mama." Nilikuwa nimejipanga kuzunguka, nianze na habari za mvua na za mahindi. Yeye akanikatiza: "Mwanangu, kama mmefungua sanduku la bati, sema tu." Nikasema. Akanyamaza hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Baba yako aliliandika jina?" Nikasema, katika daftari hakuliandika, ila kitabuni limo. Akaniuliza mara mbili kama nimeliona kwa macho yangu. Kumbe miaka hamsini aliamini kwamba mtoto wake hayumo popote, kwa sababu karatasi yake ya ubatizo ilipotea siku ya lori, na mumewe hakutaka habari hizo zitajwe ndani ya nyumba.

Alikuja wiki iliyofuata kwa basi. Macho hayaoni vizuri, lakini tulipofika mahali pa kale, mwendo wa saa mbili kutoka kijijini, yeye ndiye aliyetuongoza. Mti wa babu haupo. Ule mwamba wa ulezi upo, na hapo nikaelewa kwa nini baba mkubwa aliuandika: bila mwamba ule tusingejua mlango ulikuwa wapi. Shamba ni la mzee mmoja aliyegawiwa mwaka 1976. Alitupokea kwa woga mwanzoni. Aliposikia kwamba hatukuja kudai ardhi akatupa viti na chai. Mama mkubwa alipoeleza alichofuata, mzee alimtazama mkewe, kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, kando ya minyaa. Palikuwa na kipande kidogo, kama mkeka wa kulalia, ambacho jembe halijapita. Mawe yake yalikuwa yamepangwa. "Nilipoanza kulima nikayaona," akasema. "Nikajua hayakupangwa na mvua."

Tulisali hapo. Mama mkubwa akalitaja jina kwa sauti, mara ya kwanza mbele ya wanawe.

Tukiwa twaaga, mke wa mzee akaja kwa aibu, akasema kuna jiwe. Alilikuta shambani siku nyingi zilizopita, naye hulitumia kusagia ulezi wa uji. Likatolewa jikoni. Mama mkubwa akapiga magoti, akapapasa kwa vidole, akasema ndilo, lile kubwa, lilipasuka kidogo ukingoni siku alipozaliwa mwanawe wa kwanza. Kaka wa Arusha akataka kulipakia garini. Mama mkubwa akamwuliza, "Nilipeleke wapi? Ghorofani kwako?" Akaomba ulezi kidogo, akasaga pale pale, konzi moja, huku yule mwenyeji amemshikia ungo. Kisha akamrudishia jiwe lake.

Habari ya nyumba ya Dirma haijakwisha. Kikao cha ukoo kimekaa mara moja kikavunjika. Mnunuzi adai fedha zake. Mama mkubwa asema atalala ndani mwake walau usiku mmoja kabla haijauzwa, na wanawe wasema ni hatari. Tumelifunga lile bati la pembeni kwa waya lisigonge. Karatasi zimo katika sanduku lake, na sanduku limo katika kabati la ofisi yangu, limefungwa. Daftari peke yake haimo. Mama mkubwa alikwenda nayo Arusha, ameifunga katika pindo la kanga pamoja na ufunguo.